Pochi Iliyobaki Mfukoni

Ami Said alizikwa Al Amerat, Maskati, kabla ya adhuhuri, na pale makaburini watu wawili wa umri wangu walinisalimia kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu ujana. "Kasuku," walisema, "nawe umekuja." Sikukasirika. Jina lile nilipewa ndani ya nyumba ya marehemu, na mwaka nilioitwa hivyo ndio mwaka niliourudia kichwani kuliko mwaka mwingine wowote, ingawa sijapata kuusimulia, hata kwa mke wangu. Si kwamba kulikuwa na siri kubwa. Kila nilipojaribu kuupanga, hili kwanza na lile baadaye, nilifika mahali pale pale nikaona haya kana kwamba jambo lenyewe limetokea jana, nikaacha.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nafanya kazi katika duka la kukodisha kanda za video, Ruwi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Kiingereza nilijifundisha dukani, saa za mchana maduka yakifungwa na watu wote wamekwenda kulala. Nilibaki ndani, nikaweka kanda, nikasikiliza sentensi moja, nikaisimamisha, nikafungua kamusi, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kwa mwendo huo wa polepole nilijua Kiingereza cha wapelelezi na mawakili kabla sijajua cha kuagizia chakula mkahawani. Ami Said alikuwa mteja wetu. Hakuwa ami yangu kwa nasaba. Nilimwita hivyo kwa heshima, kama nilivyowaita wazee wote wa rika la baba yangu waliotoka Unguja. Nyumbani kwake Bawshar, kila Alkhamisi baada ya alasiri, jamaa walikusanyika kutazama filamu, na shida yao ilikuwa moja: wazee waliipenda sinema tangu ujana wao kule, lakini Kiingereza hawakukijua, na maandishi ya Kiarabu chini ya picha yalikimbia mno kwa mtu aliyejifunza herufi zile katika msahafu tu. Siku moja alinikuta dukani nikimweleza mteja kisa cha filamu, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama naweza kufanya hivyo picha ikiwa inakwenda.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa ndefu, ina zulia jekundu lililokwisha manyoya mahali pa kupita watu. Televisheni ilikaa juu ya kabati la vyombo vya wageni, na deki ya video ilifunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Bi Zuwena, mkubwa wa nyumba ile, peke yake ndiye aliyekiondoa. Wanawake walikaa upande wa jikoni, wanaume upande wa dirisha, na baina yao ilitandikwa sufra yenye katlesi, sambusa, mkate wa kumimina, na mabirika mawili, moja la kahawa na moja la chai ya maziwa yenye iliki. Mimi niliwekewa kigoda kando ya televisheni. Sauti ilipunguzwa ikawa kama ya mtu anayesema chumba cha pili, nami nikasema juu yake, mwanamume kwa sauti ya mwanamume, mwanamke kwa sauti laini kidogo, na watoto walicheka kila mara nilipofika kwa wanawake. Sikuwa nikibuni. Kila filamu niliitazama mara mbili dukani kabla ya Alkhamisi, na niliona fahari kwamba sipotezi neno ila matusi. Ndipo Bi Zuwena akaniita kasuku. Alinitania na kunipima kwa pamoja. Kuna siku jambazi alifoka kwa muda mrefu, nami nikasema maneno matatu, akanisimamisha kwa kidole. "We kasuku, yule kasema mengi, mbona we umesema matatu?" Nikamjibu kwamba yaliyobaki yalikuwa matusi. "Basi tupe nusu yake," akasema, na sebule nzima ikacheka.

Bi Zuwena alikuwa dada mkubwa wa Ami Said. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Sikupata kumwona Ami Said, mtu mzima mwenye mvi na cheo serikalini, akimpinga dada yake uso kwa uso. Akitaka jambo alilizungukia. Alisimulia kisa cha mtu mwingine, au alimwalika mgeni ambaye yeye alijua atasema linalotakiwa kusemwa, kisha akanyamaza, akangoja dada yake afike mwenyewe. Nilimwona akifanya hivyo juu ya rangi ya ukuta, na juu ya safari ya hija, na juu ya kumpeleka binti yake chuoni. Nilimwona, nikaielewa njia yake, nikaipenda. Hilo ndilo linalonitesa zaidi nikiandika sasa, kwa sababu zamu yangu ilipofika sikuitambua.

Binti huyo ni Nasra. Alisoma chuo, na Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, safi kuliko changu. Kazi yake Alkhamisi ilikuwa kuingia na birika na kutoka na vikombe, na alizoea kusimama mlangoni mwa jikoni akisikiliza. Siku moja, nikivaa viatu ukumbini, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba neno fulani nililolifasiri "mdhamini" lilikuwa "shahidi." Wiki iliyofuata nilimwuliza jingine. Tulizungumza hivyo, juu ya viatu vya wageni, dakika chache kila wiki, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, na mwisho wa miezi kadhaa nilimwomba mama yangu aende kuposa. Mama alikwenda na mjomba. Walipokewa vizuri, wakapewa halua na kahawa, wakaambiwa tupeni muda tuulize. Kwetu kila mtu anajua kinachoulizwa. Hawakuuliza kazi, kwa kuwa waliijua, wala tabia, kwa kuwa walikuwa wakiiona kila wiki. Za ukoo wangu nitasema sentensi moja tu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikitafutwa: tunasema Kiswahili kile kile, tunasali msikiti ule ule, tuna pasipoti ile ile, na jina la kabila tunalolitumia ni la watu waliommiliki babu wa babu yangu.

Wakati wa kuuliza kwao, kulikochukua miezi, niliitwa kutengeneza deki iliyokuwa ikitafuna kanda. Nilikuwa nimelala nyuma ya kabati, nyaya mkononi, Bi Zuwena alipokuja ukumbini kupiga simu. Sidhani kama alinisahau. Nadhani hakuona kwamba kuna la kuficha. Aliuliza Unguja, kisha akauliza Mombasa. "Jina la babu yake nnalijua," alisema. "Nnakuuliza alikuwa wa nani." Akasikiliza. "Aa. Wa shamba." Akasikiliza tena kwa muda mrefu zaidi. "La, si ubaya wa mtu. Mtoto mwenyewe nnampenda, ana adabu, anatufasiria vizuri. Lakini kupenda kando, na kufu wa ukoo kando." Kisha akaja sebuleni na sahani ya vitumbua, akainama mpaka akaniona kule nyuma, akasema kwa huruma ya kweli, "Toka ule, mwanangu, umechoka." Nikatoka. Nilikula vyote, nikashukuru, nikamwonyesha jinsi ya kusafisha kichwa cha deki kwa pamba.

Wiki ile ile Ami Said alikuja dukani mwenyewe, jambo ambalo si desturi yake, maana kanda za Alkhamisi nilizichagua mimi. Mkononi alikuwa na kanda isiyo na jalada. Alisema ni filamu ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, aliyoiona sinema Unguja akiwa kijana, na kwamba angependa dada yake aione. Aliiweka juu ya meza lakini hakuiachia mara moja. "Ifasiri neno kwa neno, Masoud," alisema. "Usiruke." Hakuwahi kuniambia hivyo, kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu. Niliona kama nimeguswa kwenye kazi yangu. Nikamwambia inshallah.

Mchana huo nilifunga mlango nikaitazama. Ilikuwa habari ya mji wa bandari wenye mvua isiyokatika. Mzee mmoja mhamiaji, fundi wa saa, anakutwa amekufa kwenye ngazi za nyumba ya wapangaji. Mpelelezi anayechechemea anauliza mlango kwa mlango. Kwanza wanamshuku kijana mpangaji aliyegombana na mzee, nusu ya filamu inakwenda kwa huyo. Lakini kuna jambo moja halimwingii mpelelezi akilini: pochi ya marehemu imo mfukoni mwa koti, na pesa zimo. Hakuna aliyefaidika kwa kifo kile. Polepole anaacha kuuliza nani alipata kitu, anaanza kuuliza nani alimchukia, na hata hapo anakwama, kwa kuwa mzee hakuwa na adui. Muuaji ni ndugu wa mwenye nyumba, mtu mcheshi kuliko wote, anayewabebea wapangaji mizigo yao na kuwatania wote. Hakuwahi hata kuzungumza na yule mzee. Akibanwa mwishoni anasema bila haya, akitabasamu, maneno ambayo nilirudisha nyuma mara nyingi nikitumaini nimekosea: watu wa namna ile hawana asili, ukimpa ngazi atataka chumba, ukimpa chumba atataka binti yako. Na mpelelezi anamjibu kwamba hakumuua mtu, aliua jina alilompachika.

Nilisimamisha kanda hapo. Picha ya muuaji ilitetemeka katika mistari myeupe, nami nikakaa mbele yake nikalipima jambo kama nilivyozoea kupima sentensi ngumu. Ama Ami Said amesahau filamu ina nini, ama anakumbuka. Kama anakumbuka, ameniletea kwa nini? Kwetu mposaji hajisemei. Akishapeleka wazee, ananyamaza na kuinamisha macho mpaka jibu lije. Akifungua mdomo mbele ya shangazi wa binti amekosa adabu, na kukosa adabu ni jibu tosha. Na mimi naambiwa nikae kigodani, mbele ya Bi Zuwena, nitamke kwa sauti yangu mwenyewe kwamba mwenye kusema fulani hana asili ni muuaji. Nikaona ni mtihani. Nikaamini wanataka kujua kama nitatumia nafasi ile kujisemea. Niliyafikiri haya kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana imara, na msingi wake wote ulikuwa woga. Kabla ya maduka kufunguliwa tena nilikuwa nimeshaamua: mzee wa ngazini atauawa kwa ajili ya pesa.

Alkhamisi ilifika. Nakumbuka kulikuwa na bajia na chatne ya nazi, na kiyoyozi cha dirisha kilikuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri, kwa kuwa sikulazimika kubadilisha lolote. Kisha mpelelezi akaingiza mkono katika koti la marehemu, akatoa pochi, akaifungua, na noti zikaonekana kioo kizima. Sikuwa nimeifikiria pochi. Nilikuwa nimepanga maneno, nikasahau macho.

"Ngoja," alisema Bi Zuwena. "Mwizi gani huyo kaiacha pochi?"

Nikasema alisikia watu ngazini, akakimbia.

"Ngazini hamna mtu. Sote tumeona."

"Alidhani wapo, Bi Zuwena."

"Mwizi mpumbavu," akasema, na watu wakacheka, wakaendelea kula. Ami Said hakucheka. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, kikombe mkononi, haangalii picha. Ananiangalia mimi. Ilipofika zamu ya muuaji kusema, akasema kwa kirefu, akitabasamu, akihesabu kwa vidole, ngazi, chumba, binti, nami nikasema, "Nilizitaka fedha zake." Bi Zuwena akaninyooshea kidole. "Kasuku, yule kasema sana." Nikamwambia anarudia rudia yale yale. Nyuma ya wanawake, mlangoni mwa jikoni, Nasra alikuwa amesimama na birika. Alilisikia la Kiingereza kwa chini, na langu kwa juu. Aligeuka akarudi jikoni, na chai iliyofuata ililetwa na mtu mwingine. Filamu ilipokwisha Ami Said aliinuka mwenyewe, akaitoa kanda, akaitia mfukoni mwa kanzu. Kila wiki alikuwa akiniaga kwa kusema, ahsante, mwanangu. Siku hiyo alisema, "Ahsante, Masoud."

Jibu lilikuja kwa simu kwa mama, kwa adabu kama inavyotakiwa: wamesali istikhara, haikutoka kheri, na wao na sisi ni ndugu siku zote. Sikwenda tena Alkhamisi. Kabla mwaka haujakwisha Nasra aliolewa na jamaa yao wa Quriyat, mtu mwema kwa nilivyosikia. Mimi nami nikaoa, nikapata watoto, nikasoma vitabu vingi peke yangu, na kwa miaka yote hiyo nikabaki na hesabu moja iliyonifariji: kwamba walikuwa wameshaamua, kwamba simu ya Mombasa ilikuwa imeshamaliza kila kitu, kwamba lile la kigodani lilikuwa aibu yangu ndogo ya faragha, halikumdhuru mtu.

Siku tatu za azaa, yaani matanga, zilipokwisha nilikwenda Bawshar kutoa pole nyumbani. Zulia limebadilishwa, kabati halipo, na ukutani kuna televisheni kubwa iliyozimwa. Nasra alinipokea. Ana miwani, ana wajukuu, na bado anasema kwa sauti ile ya chini ya ukumbini. Tulizungumza habari za ugonjwa wa baba yake, na watoto wangu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua tena, kwa nini siku ile sikuifasiri filamu.

Nikamwambia nilidhani baba yake ananipima adabu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya mtandio. "Baba aliitafuta kanda ile kwa miezi, Masoud. Alimwagiza mtu Dubai. Yeye mwenyewe alikuwa radhi tangu siku mama yako alipokuja. Lakini kumwambia shangazi hakuweza, unamjua. Alisema, shangazi akiisikia kwa sauti ya kijana anayempenda, atalainika. Akakwambia usiruke."

Nikauliza alisema nini baadaye.

"Alisema, kijana mwenyewe hakutaka kulisema, mimi nitamsemea nini. Nami niliona hivyo hivyo." Akavaa miwani. "Nilikuwa tayari kugombana na nyumba nzima. Nilikungoja wewe uanze tu."

Mlango wa ndani ulifunguka, na Aisha, msichana wa Kiganda anayemtunza Bi Zuwena, akamwingiza bibi kwa kiti cha magurudumu, kisha akaketi kando yake, bakuli la uji mapajani. Bi Zuwena amekuwa mdogo kama mtoto, lakini kidole ni kile kile. Akauliza ni nani. Nasra akamwambia, Masoud, shangazi, aliyekuwa akitufasiria.

"Kasuku," alisema. Nikambusu mkono. Aliushika wangu, hakuuachia. "We mtoto. Kuna kitu nlitaka kukuuliza, na we hukuja tena. Yule mwizi wa ngazini. Kwa nini aliiacha pochi?"

Nilimtazama Nasra, naye akaangalia televisheni iliyozimwa. Nikavuta mto, nikaketi chini, karibu na magurudumu, na nikaifasiri. Nilishangaa kwamba yote yalikuwepo, sentensi kwa sentensi, katika Kiswahili nilichokitayarisha mchana ule nikakitupa. Nilisema kwa sauti ya mpelelezi, kisha kwa sauti ya muuaji. Watu wa namna ile hawana asili. Ukimpa ngazi atataka chumba. Ukimpa chumba atataka binti yako. Aisha alikuwa ameacha kukoroga uji. Nilisema pia jibu la mpelelezi.

Midomo ya Bi Zuwena ilikwenda kama ya mtu anayetafuna. "Said alilijua hili," alisema.

"Ndiyo sababu aliileta, Bi Zuwena."

"Kumbe alikuwa akisema na mie." Aliutoa mkono wake katika wangu, polepole, akauweka juu ya mapaja yake. "Na we ukamziba mdomo."

Nikasema ndiyo.

"Usijidanganye, mwanangu. Siku zile ningekataa vile vile." Alimgeuzia Aisha uso, akafungua mdomo kwa ajili ya uji, kisha akaufunga kabla kijiko hakijafika. "Lakini ndugu yangu angekuwa kashanambia."